Kadi ya Kumbukumbu Isichomolewe kwa Haraka

Picha za arusi na za watoto, anazochukua askari aendapo kituo cha mbali, siku hizi hukaa katika kadi ya kumbukumbu isiyozidi ukucha kwa ukubwa. Kupotea kwake ni kwepesi.

Katika kompyuta ya mezani inayotumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kadi haisomwi kwa kuchomekwa tu. Sharti iunganishwe na mpangilio wa mafaili, ndipo ionekane kama folda, aghalabu chini ya /media au /run/media. Kompyuta nyingi hufanya hivyo zenyewe; nyingine hungoja mtu abonyeze jina la kadi.

Jambo la kuangaliwa sana ni kuitoa. Linux haiandiki kila kitu papo hapo: huweka kwanza katika kumbukumbu yake yenyewe, kisha hupeleka kwenye kadi, pengine baada ya nusu dakika. Kioo chaweza kuonyesha kwamba kunakili kumekwisha, kumbe picha kadhaa hazijafika! Mwenye kuichomoa wakati huo huenda akakuta mafaili matupu, au kadi nzima isiyosomeka. Na ikiwa amekwisha kufuta picha za asili, hasara hiyo haina fidia.

Basi ibonyezwe kwanza alama ya kutoa iliyo kando ya jina la kadi, na mtu angoje ruhusa. Kompyuta ikikataa, kwa kawaida kuna faili la kadi hiyo ambalo bado limefunguliwa. Lifungwe, kisha ajaribu tena.