Kwa Nini Tonge Hukwama Baada ya Tiba?

Wengi wetu tunadhani tonge la ugali likimezwa huanguka tumboni kama jiwe kisimani. La hasha! Umio, yaani mrija wa chakula, una urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima. Misuli yake hujikaza na kulegea kwa zamu, kama wimbi, ikilisukuma tonge hadi tumboni kwa sekunde 10 hivi.

Sasa, kuna ugonjwa wa mishipa ya damu kuvimba ndani ya umio. Ini likijaa makovu, damu itokayo matumboni hukosa njia, ikatafuta vichochoro. Kichochoro kimoja ni mishipa ya umio. Hiyo hufura, na ikipasuka mgonjwa hutapika damu. Si mchezo! Makovu hayo huletwa na pombe, homa ya ini aina ya B na C, na pia kichocho cha matumbo, ambacho hapa Kenya kiko kandokando ya Ziwa Victoria na kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea.

Daktari hupitisha mrija wenye kamera kinywani mwa mgonjwa. Kisha ana njia mbili. Ya kwanza, iliyoelezwa huko Uswidi mwaka wa 1939, ni kudunga dawa ya kuziba mshipa. Dawa hiyo huokoa maisha, lakini yaweza kuchoma ukuta wa umio, ukapata vidonda na baadaye makovu. Kovu halinyumbuki. Wimbi la misuli likifika hapo hudhoofika, na njia yenyewe yaweza kuwa nyembamba. Ya pili, iliyoanza miaka ya 1980, ni kufunga mshipa kwa mpira mdogo. Hii huacha makovu machache, ndiyo maana madaktari wengi huipendelea.

Babu yangu alitibiwa kwa sindano. Baadaye akawa anakataa ugali, anaomba uji tu. Majirani walisema anadeka, wengine eti amerogwa. Kumbe umio ulikuwa umefinyika! Alirudi hospitalini ukapanuliwa, na siku hizi anakula polepole, maji kando.

Kwa hivyo, anayetapika damu akimbizwe hospitali mara moja. Aliyetibiwa akiona chakula kinakwama, asinyamaze, wala sisi tusimcheke. Nasi vijana tusiogelee ovyo kwenye maji yenye konokono wa kichocho. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.