"Enregistré" si kusema imefika: kuhifadhi kwa otomatiki katika biashara ndogo

Kutoka Bunia mpaka Uvira, kuko butiki, depo na famasi ambazo zimeanza kuacha kaye na biki. Mauzo yanaandikwa kwenye telefone, stoki inahesabiwa yenyewe, na jioni patroni anapata mesaji inayomwambia vitu gani vinakaribia kuisha. Wengi wanafanya hivyo kwa vyombo vya bure: Google Forms, Google Sheets, WhatsApp Business. Wengine wamefika mbali zaidi, wanatumia Zapier, Make ao n8n, programu zinazounganisha vyombo hivyo ili kazi itembee bila mtu kuigusa.

Vyombo hivi karibu vyote vina ahadi moja: usihangaike kuhifadhi, sisi tutahifadhi. Unaandika, na pembeni ya skrini inatokea neno "Enregistré". Hapo mtu anapumua na kusema: "Iko ndani, haiwezi kupotea."

Lakini neno hilo linajibu swali moja tu, na katika biashara kuko maswali matatu. Ya kwanza: imeandikwa wapi? Ya pili: imefika kwa wengine wanaoihitaji? Ya tatu: imeanza kutumika? Mtu akichanganya haya matatu, anaweza kupoteza pesa hata kama programu haikukosea kitu.

Tuchukue mfano wa depo

Tuseme kuko depo ya unga na mafuta kule Butembo. Muuzaji anajaza fomu ya Google Forms kila mara anapouza: jina la mnunuzi, bidhaa, idadi, kama amelipa ao amechukua deni. Jibu linaingia moja kwa moja katika tablo ya Google Sheets. Tablo inapunguza stoki. Sako za unga zikishuka chini ya 20, mesaji inaenda kwa patroni ili aagize zingine.

Ni mnyororo wa hatua nne: fomu, tablo, hesabu, mesaji. Kila hatua ina namna yake ya kuhifadhi, na kila moja inaweza kukatika peke yake.

Hatua ya kwanza: fomu iliyojazwa nusu

Muuzaji anajaza fomu, kisha mnunuzi mwingine anamwita. Anaacha telefone. Google Forms inaweza kumchungia yale aliyokwisha kuandika, hadi siku 30, lakini kwa masharti: awe ameingia na konte yake ya Google, na rezo iwepo. Akirudi atakuta kazi yake pale alipoiachia.

Lakini kile kilichochungwa ni brouillon. Bado hajafinya "Envoyer", kwa hiyo katika tablo hakuna kitu. Sako mbili zimetoka kwenye depo, lakini stoki inasema ziko. Kama jioni ile mtu anahesabu mali, zinakosekana sako mbili. Tunajua wote ni nani wa kwanza kuulizwa wakati mali haitoshi: ni yule muuzaji, na mara nyingi inakatwa kwenye mshahara wake.

Vijana wengi wa hapa waliofanya kazi ya anketi kwa mashirika wanaelewa jambo hili vizuri, juu walitumia KoboCollect. Katika KoboCollect, fomu inapita sehemu tatu: kwanza brouillon, kisha tayari kutumwa, kisha imetumwa. Mtu anaweza kuzunguka kijiji kizima bila rezo, na majibu yake yote yakabaki salama ndani ya telefone. Lakini telefone ikiibiwa mbele ya kutuma, kazi ya siku inaenda nayo. Kila chombo cha otomatiki kina sehemu hizo tatu. Tofauti ni kwamba KoboCollect inakuonyesha waziwazi, na vingine vinaficha kila kitu nyuma ya neno moja.

Hatua ya pili: tablo isiyo na rezo

Google Sheets inahifadhi kila herufi unayoandika, mradi rezo iko. Rezo ikikatika, mambo yanategemea matayarisho uliyofanya mbele. Katika telefone, unafungua menyu ya faili na kuchagua "Rendre disponible hors connexion". Ukishafanya hivyo, unaweza kuendelea kuandika bila rezo. Yale unayoandika yanabaki katika telefone yako, yanangojea.

Neno hilo, yanangojea, ndilo la kushika. Wewe unayaona. Patroni aliye Goma ao Kampala hayaoni. Na kama muuzaji mwingine amegusa mstari uleule katika telefone yake, wakati rezo inarudi andiko la mmoja linaweza kufunika la mwingine.

Fikiria mama wa soko aliyelipa deni lake saa nne asubuhi wakati rezo imekatika. Muuzaji ameandika "amelipa" na ameona andiko lake. Saa saba mama anapita kwenye depo ya pili ya patroni yuleyule. Kule tablo bado inasema anadaiwa. Wanamkatalia mali mbele ya watu. Hakuna aliyesema uongo, kila mmoja anasoma kile telefone yake inaonyesha. Lakini aliyepata haya ni mama, na kesho anaweza kwenda kununua pengine.

Kwa ordinatere zenye Excel, kuko mtego mwingine. Kuhifadhi kwa otomatiki kwa Excel, kule juu kushoto kwenye skrini, kunafanya kazi tu kama faili iko kwenye OneDrive ao SharePoint, maana yake kwenye serveri za Microsoft. Kama faili iko ndani ya ordinatere yenyewe, unabaki na kitu kingine: nakala ya dharura ambayo Excel inatengeneza kila dakika 10, isipokuwa umebadilisha muda huo. Nakala hiyo ni ya kukuokoa wakati mashini inazimika ghafla. Haichukui nafasi ya kufinya "Enregistrer". Umeme ukienda dakika ya tisa, na betri ya ordinatere imekufa, zile dakika tisa zimekwenda. Katika mitaa ambako umeme unakatika bila kusema, inafaa kushusha muda huo hadi dakika 2 ao 3 katika mipangilio ya Excel.

Hatua ya tatu: imehifadhiwa, lakini haijaanza kutumika

Hii ndiyo inadanganya watu wengi, hata wale wenye uzoefu. Katika Zapier, ukibadilisha kazi ambayo tayari inatembea, mabadiliko yako yanahifadhiwa yenyewe kama brouillon. Lakini ile kazi ya zamani inaendelea kutembea vilevile, mpaka ufinye "Publish". Katika Make, kuhifadhi ni kazi yako mwenyewe: kuko alama ya kufinya. Na kazi mpya isipowashwa, inakaa pale bila kufanya kitu.

Haikufanywa hivyo kwa ubaya. Kama kila herufi unayoandika ingeanza kutumika hapohapo, wanunuzi wako wangepata mesaji zenye bei nusu na majina nusu. Brouillon inakupa nafasi ya kutengeneza kwa utulivu. Shida inaanza wakati mtu anafikiri amemaliza.

Turudi kwenye depo yetu. Sako ya unga ilikuwa dola 28, imepanda hadi 31. Patroni anaingia katika mesaji ya otomatiki inayotuma bei kwa wanunuzi, anabadilisha, anaona imehifadhiwa, anafunga ordinatere. Kesho yake wanunuzi wanakuja na mesaji ya dola 28 mkononi. Akikataa, anaonekana mwongo. Akikubali, kwa sako 40 amepoteza dola 120. Kufinya mara moja kungetosha.

Chombo kinahifadhi pia makosa

Kuna jambo jingine ambalo kaye haikuwa nalo. Ukikosea katika kaye, unapiga mstari, na kosa linabaki linaonekana. Katika tablo, kidole kikiteleza na kufuta safu nzima ya madeni, chombo kinahifadhi kule kufuta kwa mwendo uleule kinaohifadhi kazi nzuri. Hakijui kama ulitaka ao hukutaka.

Dawa yake iko, na wengi hawajawahi kuifungua. Katika Google Sheets kwenye ordinatere, ingia "Fichier", kisha "Historique des versions". Utaona tablo yako jinsi ilivyokuwa jana ao wiki iliyopita, na ni konte gani iliyobadilisha. Unaweza kurudisha ile ya zamani. Kwa faili iliyotupwa kabisa, Google Drive inaichunga katika kikapu siku 30, nyuma yake inafutika.

Historia hiyo inasaidia pia kuleta haki kazini. Lakini kama wauzaji watatu wanatumia konte moja, historia itaonyesha jina moja tu, na ugomvi hautaisha. Kila mtu awe na konte yake.

WhatsApp nayo

Kuna wafanyabiashara ambao oda zao zote, picha za fakture na ahadi za malipo ziko ndani ya WhatsApp. Katika telefone za Android, WhatsApp inaweza kufanya nakala yenyewe kila siku, kila wiki ao kila mwezi kwenye konte ya Google. Lakini kwa kawaida imepangwa kungojea Wi-Fi. Mtu anayetumia mega tu, bila Wi-Fi hata siku moja, anaweza kukaa miezi bila nakala yoyote huku akifikiri iko. Ingia katika mipangilio, tafuta "Sauvegarde des discussions", soma tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ndiyo ukweli.

Tazama pia nafasi. Konte ya bure ya Google ina giga 15 kwa picha, barua na nakala zote pamoja. Ikijaa, hakuna kipya kinachoingia, na mesaji ya kukuonya inakuja kwenye barua pepe ambayo pengine hufungui.

Kwa nini jambo hili ni zito hapa kwetu

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku tano nyuma yake watu wa sehemu kubwa ya Goma waliambiwa waondoke. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, wakati wa mapigano ndani ya Goma, umeme na intaneti vilikatika, na benki zilifunga milango. Hali hizi mbili zinafundisha mambo mawili tofauti, na yote mawili ni ya kweli.

Wakati wa kukimbia, mtu hawezi kubeba ordinatere, frigo na watoto. Yule ambaye tablo yake ilikuwa imefika kwenye serveri anaweza kuifungua kwa telefone yoyote, Sake ao Rubavu, akajua nani anamdai na nani anadaiwa naye. Wakati rezo inazimwa, serveri haisaidii kitu, na aliye na kaye ndiye anayejua hesabu yake. Kwa hiyo otomatiki haiui kaye. Mstari mmoja kila jioni unatosha: mauzo ya siku, stoki iliyobaki, madeni mapya, madeni yaliyolipwa.

Majaribio matatu ya kufanya wiki hii

La kwanza: weka telefone katika mode avion, andika mstari wa kujaribu, kisha utafute mstari huo katika telefone ya mtu mwingine. Hautauona. Toa mode avion, uhesabu unachukua muda gani kufika. Hapo utajua chombo chako kinafanya nini wakati rezo inapotea.

La pili: badilisha kitu kidogo katika mesaji yako ya otomatiki, uhifadhi, kisha ujitumie oda wewe mwenyewe kama mnunuzi. Kama jibu ni lile la zamani, bado kuna kitu cha kufinya.

La tatu: uliza konte ni ya nani. Mara nyingi ilifunguliwa na mtoto wa dada ao kijana wa sekreteria, kwa namba yake mwenyewe. Kila kitu kinahifadhiwa vizuri, lakini kwake. Siku akihama, ao namba ile ikipotea, unabaki nje ya mlango wa biashara yako. Namba ya kurudisha neno la siri iwe ya mwenye biashara, na awe anaishika mkononi.

Neno "Enregistré" linasema tu kwamba chombo kimepokea ulichoandika. Kama kimefika kwa mwenzako, na kama kimeanza kutumika, hayo unayathibitisha mwenyewe, mbele ya kumwambia mama wa soko kwamba bado anadaiwa.