Mkanda wa Bastola Huanzia Zizini

Bastola ya kawaida ya askari, ikishajazwa risasi, huwa na uzito wa karibu kilo moja. Kilo moja ya sukari mkononi si kitu. Lakini ifunge upande mmoja wa kiuno tangu alfajiri hadi jua kuzama, huku unapanda na kushuka garini, unainama, unakaa, na ikibidi unakimbia, ndipo utajua kazi yote inafanywa na mkanda. Ule wa dukani, wa kushikilia suruali ya ofisini, hukunjika palepale penye mzigo, ukapinduka kwa nje, na ala ya bastola ikabaki inaning'inia. Mwenyewe sasa anapandisha suruali kila baada ya hatua tatu, na kila aliye karibu naye amekwishajua kilichofichwa chini ya shati.

Katika pwani hii ya kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Bagamoyo hadi Saadani na Pangani, kufunga silaha kiunoni ni jambo la zamani kuliko bastola yenyewe. Waarabu wa Oman waliohamia mwambao walivaa jambia katikati ya tumbo, ala yake ikishikwa na pete za fedha zilizofungwa kwenye mshipi wa ngozi au wa kitambaa kizito kilichotariziwa nyuzi za fedha. Jambia la mtindo wa Saidia, linalohusishwa na ukoo wa Seyyid Said, sultani wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, lina pete saba.  Mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi na desturi za jambia la Oman katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kisha zikaja bunduki. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa magobori, na mwenye gobori hatembei na bunduki peke yake. Anahitaji baruti iliyokingwa na unyevu, risasi, na fataki, vyote mahali ambapo mkono unafika bila macho kutafuta. Ndiyo maana watu wa misafara walifunga beti za ngozi kiunoni au wakapitisha mkanda begani. Hebu fikiria safari ya miezi mitatu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora, mvua juu, umande wa nyasi chini, na uhai wako umo ndani ya kifuko hicho cha ngozi. Mshono ukiachia katikati ya Ugogo, hakuna duka.

Tarehe 8 Mei 1889, jeshi la Wajerumani chini ya Wissmann lilipolivamia boma la Abushiri bin Salim, kiongozi wa waliowapinga Wajerumani pwani, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, zilikutana pia namna mbili za kubeba risasi. Askari wa Wissmann, wengi wao Wasudani walioandikwa Misri, walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871 na mikanda ya kijeshi yenye mifuko ya risasi, yote ya aina moja. Upande wa pili kila mtu alikuwa na chake. Sidai kwamba mikanda ndiyo iliyoamua vita, maana mizinga ilikuwapo. Lakini jeshi ambalo kila askari anajua risasi yake iko wapi hata gizani lina faida isiyoandikwa sana vitabuni. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Mkataba wa Brussels ukaweka mipaka ya uingizaji wa bunduki barani Afrika, na tangu hapo bunduki na mkanda wake vikawa zaidi mali ya serikali.

Waingereza nao walikuja na mkanda wao wenye kamba ya kupita begani. Uliitwa kwa jina la Sam Browne, ofisa aliyepoteza mkono wa kushoto vitani India mwaka 1858, akahitaji namna ya kuzuia upanga wake usicheze wakati anauchomoa kwa mkono mmoja. Hadi leo maofisa wa majeshi na polisi katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza huuvaa kwenye gwaride.

Hata hivyo, mkanda wa silaha unaoonekana zaidi siku hizi Bagamoyo si wa ofisa. Ni wa Mmasai anayelinda hoteli usiku, mwenye sime ubavuni mwa kulia. Ala ya sime ile ni mbao mbili zilizobanwa kwa ngozi mbichi, ngozi ikakauka na kukaza kama chuma, kisha ikapakwa rangi nyekundu. Mkanda wake mara nyingi ni kipande kimoja tu cha ngozi ya ng'ombe, kinene, bila bitana wala urembo wa ndani. Ukiutazama kwa makini utaona anachotafuta kila fundi wa mikanda ya bastola duniani: ngozi ngumu isiyovutika, na ala iliyokaa mahali pamoja.

Ugumu huo unatoka wapi? Kwanza, sehemu ya ngozi. Ngozi ya tumbo ni legelege, na ya shingo ina mikunjo. Fundi anayejiheshimu hukata ukanda wake kwa kufuata uti wa mgongo, kuelekea makalio, ambako nyuzi za ngozi zimeshikana. Pili, namna ilivyotengenezwa. Ngozi iliyolainishwa kwa kemikali za kromu huwa tayari kwa muda mfupi na hufaa sana kwa viatu laini na mikoba, ila huvutika. Ile iliyokaa kwenye maji ya magome kwa wiki nyingi hutoka ngumu, hukubali kuumbwa ikiwa na unyevu, na ikikauka haibadilishi umbo. Magome yenye dawa ya kukaza ngozi tunayo. Ya mikoko yalisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya enzi za Wajerumani, hasa kutoka delta ya Rufiji. Leo mikoko ni hifadhi na haikatwi ovyo, na ni vyema iwe hivyo. Miwati ndiyo inayopandwa kwa ajili ya magome, na kampuni ya TANWAT huko Njombe imekuwa katika biashara hiyo tangu 1949.

Tatu ndiyo kazi ya mikono. Mkanda mzuri wa bastola huwa na tabaka mbili, jumla milimita 5 au 6, na upana wa karibu sentimita 4 ili upite kwenye lupu za suruali ya kazi. Tabaka la ndani hukatwa fupi kidogo, na mbili hizo hubandikwa zikiwa zimepindwa kama zitakavyokaa kiunoni. Ukizibandika zikiwa zimenyooka mezani, siku ya kuvaa la ndani litafanya makunyanzi. Kisha fundi anatoboa kwa msharasi na kushona kwa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta, sindano zikipishana katika kila tundu. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja huweza kufumuka. Huu wa mkono hushika hata uzi wa upande mmoja ukilika. Mwisho kingo husuguliwa kwa maji na nta ya nyuki mpaka tabaka mbili zionekane moja. Baadhi ya mafundi huweka utepe wa plastiki au bati jembamba katikati. Mimi siupendi. Ngozi ya mgongo iliyotengenezwa vizuri haihitaji mkongojo, na bati likikatika ndani huwezi kulishona.

Tatizo ni kuipata ngozi yenyewe, na hapa ndipo nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 inaposhangaza. Nyuma tu ya Bagamoyo, kuelekea Chalinze na Lugoba, wafugaji ni wengi, na ranchi ya taifa ya Ruvu iko mkoa huohuo wa Pwani. Lakini ng'ombe huyo amepigwa chapa ya moto mgongoni au pajani, amejikuna kwenye miiba, kupe wamemwachia matundu, na siku ya kuchinjwa kisu cha haraka kinaacha mikato upande wa nyama. Ukanda wa sentimita 110 hauvumilii kovu hata moja. Kovu linaloonekana dogo kwenye mkoba, kwenye mkanda ndipo utakapokatikia. Sheria ya utambuzi wa mifugo ipo tangu 2010, na miaka ya karibuni hereni za masikioni zimeanza kushika nafasi ya chuma cha moto. Kwa fundi wa ngozi, hereni hiyo ina thamani zaidi kuliko mashine mpya.

Ngozi ikishatoka mwilini haisubiri. Kwenye joto la pwani huanza kuoza baada ya saa chache, kwa hiyo inatakiwa chumvi nyingi, au iwambwe kivulini, si kuanikwa chini juani. Chumvi haijawahi kuwa shida huku. Mashamba yake yapo ufukweni Bagamoyo na Saadani. Kinachokosekana ni mtu anayemlipa mchinjaji zaidi kwa ngozi safi kuliko chafu. Nchi ilijaribu kuanzia juu: kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kililenga jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi za kuuza nje, na hakikufika hata moja ya kumi ya uwezo huo. Kiwanda cha Karanga, Moshi, ubia wa Magereza na mfuko wa pensheni, kimeshika njia ya busara zaidi ya kutengeneza viatu na bidhaa nyingine za ngozi kwa soko la ndani, yakiwemo majeshi yetu.

Hewa ya chumvi nayo ni adui. Bizimu la bati lililopakwa rangi ya dhahabu haliishi mwaka Bagamoyo, kwa hiyo chagua la shaba tupu. Ukungu huota kwenye ngozi iliyofungiwa kabatini masika, na dawa yake ni kuifuta na kuiacha kwenye upepo. Mafuta ya nazi yapakwe kidogo sana, kwani yakizidi hulainisha ngozi na kuifanya ivutike. Na wale wanaopanga risasi kwenye vitundu vya mkanda wa ngozi kisha wakauacha hivyo miezi, wakumbuke kwamba asidi ya magome hula shaba: ganda la risasi huota kutu ya kijani. Risasi ikae kwenye mkanda siku ya kazi tu.

Wateja wenyewe si wengi. Chini ya sheria ya silaha ya 2015 bastola haimilikiwi bila leseni, kwa hiyo wanaoihitaji mikanda hii ni polisi, walinzi wa kampuni, na raia wachache wenye vibali. Askari wa Hifadhi ya Saadani hubeba zaidi bunduki ndefu, ila nao wanahitaji kiuno cha kubeba risasi, redio, kisu na chupa ya maji.

Anayekwenda kuagiza mkanda wake auombe kwanza ukiwa haujapakwa rangi, maana rangi huficha mengi. Aupinde upande wa juu ukiwa nje. Ukipasuka mistari ni vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi. Aushike kiubapa kama rula na kuuinamisha kuelekea ukingoni: ukikataa, ni mgongo. Na anayevaa bastola ndani ya suruali apimwe akiwa nayo kiunoni, bila risasi, kwa sababu itaongeza sentimita 4 au 5, na matundu yaliyotobolewa kwa kiuno kitupu hayatamfikisha popote.