Tezi ndogo za adrenali na hatari ya kuacha dawa ghafla

MKULIMA wa Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui, anayepalilia ndengu akamwona moma karibu na miguu yake, huruka kabla hajafikiri. Mruko huo ni kazi ya neva. Lakini moyo unaomdunda na nguvu za kukimbia zinazofuata zinatokana pia na tezi mbili ambazo wengi hawajui kwamba wanazo: tezi za adrenali.

Tezi hizo zimekaa juu ya figo, moja kila upande, mithili ya kofia. Kila moja ina uzani wa takriban gramu 4 au 5, na ina sehemu mbili: kiini na gamba.

Kiini hutoa adrenalini. Ubongo unapotambua hatari, homoni hii humiminika katika damu kwa muda wa sekunde chache. Huongeza mapigo ya moyo, hupanua njia za hewa na huliamrisha ini litoe sukari. Ndiyo sababu wauguzi huweka sindano ya adrenalini karibu wanapomtibu aliyeumwa na nyoka, kwani dawa ya kuzima sumu yaweza kuzusha mzio mkali.

Gamba nalo hufanya kazi bila kishindo. Aldosteroni huziagiza figo zihifadhi chumvi, na pamoja nayo maji. Kotisoli hulinda shinikizo la damu na sukari, na hutuliza uvimbe. Hupanda alfajiri na kushuka usiku wa manane.

Mwaka wa 1855, daktari Thomas Addison wa London alieleza yanayompata mtu tezi hizi zinapoharibika. Enzi hizo chanzo kikuu kilikuwa kifua kikuu, maradhi ambayo yangali yanaweza kuziangamiza.

Siku hizi kuna chanzo kingine: vidonge. Prednisoloni na deksamethasoni, zinazotumiwa kutibu pumu na baridi yabisi, hufanana na kotisoli. Mtu akizimeza kwa majuma mengi, ubongo huona kotisoli imetosha na huacha kuziamuru tezi. Nazo, kwa kukosa kazi, husinyaa. Hata mafuta ya kung'arisha ngozi yenye dawa za aina hii yanaweza kuleta madhara hayo yakitumiwa kwa muda mrefu.

Hatari huja mtu anapoacha dawa ghafla, pengine kwa kuwa amepata nafuu au ameishiwa na pesa. Malaria au upasuaji ukimkuta katika hali hiyo, tezi zilizolala haziwezi kuitikia. Shinikizo la damu huporomoka, na asipotibiwa upesi hufa.

Dalili ni uchovu usioisha, kukonda, kichefuchefu, kizunguzungu mtu anaposimama na, pale tezi zenyewe zilipoharibiwa na maradhi, hamu kubwa ya chumvi. Katika hali hiyo ya pili, ngozi nayo huzidi weusi. Kwa Mwafrika weusi huo huonekana vyema kwenye ufizi na mikunjo ya viganja.

Aliyetumia dawa hizi kwa muda mrefu hapaswi kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari humpunguzia dozi hatua kwa hatua, hadi tezi ziamke.