Fahamu: Mtoto akipunguza kucheza tumboni

Mjamzito anayechuma chai Rungwe tangu asubuhi anaweza kufika jioni bila kukumbuka kama mtoto amecheza. Si uzembe. Mwili ukiwa kazini, mateke madogo hayasikiki. Msikilize ukishatulia: lala ubavu, weka kiganja tumboni, subiri.

Wengi huanza kumsikia kati ya wiki ya 16 na 24. Kufikia wiki ya 28 mtoto huwa na mtindo wake wa kucheza, na huo ndio wa kuujua. Hakuna idadi moja ya mateke inayowafaa watoto wote.

Kinachoniuma ni ile kauli kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia. Si kweli. Namna ya kucheza hubadilika, akawa anajisukuma na kujipindua zaidi, lakini hanyamazi. Akipunguza kucheza, usinywe soda ili kumwamsha ukangoja kesho. Ukiwa Tukuyu, nenda Hospitali ya Makandana siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha, mkunga asikilize mapigo ya moyo wake. Kwa kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Ukiambiwa yuko salama, kisha akapunguza kucheza tena, rudi tena.