Uchangamfu wa Wimbo Una Kazi Yake

Mwanamuziki Diamond Platnumz alianza kwa kulalama. Nyimbo zilizomtoa, Kamwambie na Mbagala, ni za kijana aliyeumizwa na mapenzi. Mwaka 2013 akaja na Number One, iliyotengenezwa na prodyuza Sheddy Clever, kisha akairudia pamoja na Davido wa Nigeria. Watu wakaanza kucheza. Miaka mitatu baadaye alitoa Salome akiwa na Rayvanny, na hapo safari yake ikapita Kagera, kwa sababu mzizi wa wimbo huo ni Maria Salome wa Saida Karoli, Mhaya wa Bukoba aliyevuma nao mwaka 2001.

Vijana wanaorekodi Ngara na Biharamulo, wilaya za mkoa huohuo wa Kagera, wengi hudhani wimbo unachangamka ukiongezwa mwendo. Kasi peke yake haitoshi. Katika wimbo wa majonzi irabu huvutwa, sauti hutangulia na vyombo hufuata nyuma kama wasindikizaji. Mwimbaji akitaka watu wacheze, hukata maneno mafupi mafupi, silabi ikaangukia kwenye pigo la ngoma au katikati ya mapigo mawili. Besi hupewa nafasi yake, na sauti hujifunza kunyamaza ili kiuno kijibu. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, maana mwimbaji mwenye koo zuri hutamani kujaza kila upenyo.

Sasa sikiliza Maria Salome na Salome mfululizo. Saida anapandisha sauti, waitikiaji wanampokea, Kihaya na Kiswahili vinachanganyika. Diamond alikiacha kiitikio kama kilivyo, kwa kuwa tayari kilikuwa kinachezeka, akatunga beti mpya za kumsifia na kumtania mwanamke. Kwa maoni yangu, uamuzi wa kutokigusa kiitikio ndio uliouokoa wimbo. Utani ulikuwemo tangu kwa Saida. Mdundo mpya uliuvuta mbele tu. Naye Saida, aliyekuwa amesahaulika na wengi, alirudi masikioni mwa watu na mwaka 2017 akatoa Orugambo.

Ngara na Biharamulo zina sababu ya pekee ya kuielewa nguvu hiyo ya mdundo na kiitikio. Nyakanazi, ndani ya Biharamulo, malori ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Ngara kuna Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi. Ndiyo maana msikilizaji wa huku amezoea nyimbo za lugha asiyoijua vizuri, na wimbo wa namna hiyo humshika kwa mdundo na mwitikio kabla hajashika maneno.

Kwa hiyo, msanii wa Ngara au Biharamulo unayetaka kuchangamsha muziki wako, usikimbilie biti ya Lagos. Nenda kwenye harusi, kaa na akina mama wanaoimba kwa Kihangaza, Kishubi au Kisubi, usikilize wanapoachia nafasi na wanapoitikiana. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, andika majina yao kwenye kazi yako na uwalipe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi, na wenye nyimbo hizo bado wako hai kijijini kwako.