Bega Linalochomoka Kila Mara

Mara ya kwanza bega huchomoka kwa kishindo: kipa ameruka, akaangukia mkono alioutanua. Mara ya tano huchomoka usingizini, mtu akijigeuza tu.

Hakuna kiungo mwilini chenye uhuru kama bega, na uhuru huo una gharama. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikalio chake kwenye kombe la bega ni kidogo, hakina kina. Ni chungwa juu ya kisahani. Kinacholizuia chungwa lisidondoke ni ukingo wa gegedu unaokizunguka kisahani, pamoja na kano na misuli. Bega likichomokea mbele, kama ilivyo kawaida, ukingo huo hubanduka. Mkono hurudishwa, maumivu yakaisha, ila ukingo mara nyingi haushiki tena mahali pake. Vijana wachezao michezo ya kugongana ndio wanaorudiwa zaidi.

Maandishi ya Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, yanaeleza kuchoma kwapa kwa chuma cha moto ili kovu libane kiungo. Mwaka 1923 daktari Mwingereza, Bankart, alisisitiza kwamba cha kutibu ni ule ukingo: ushonewe kwenye mfupa. Leo kushona huko hufanywa kwa kamera, kupitia matundu madogo. Lakini bega likichomoka tena na tena, kisahani chenyewe huweza kumeguka, na hapo kushona peke yake hakutoshi. Kwa waliofikia hali hiyo ipo njia ya Mfaransa Michel Latarjet, ya 1954: ncha ya mfupa inayotokeza mbele ya kombe hukatwa pamoja na kano zake, ikakazwa kwa skrubu palipomeguka. Kwa hiyo, kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji, uliza kama upungufu wa mfupa umepimwa.

Baada ya upasuaji mkono hutundikwa shingoni kwa kitambaa, mara nyingi wiki 3 hadi 6. Vidole na kiwiko huchezeshwa mapema. Kuuzungusha mkono kwa nje hungoja. Mazoezi ya nguvu huanza polepole, mazito yakisubiri mwezi wa tatu hivi. Mimi naihofia wiki ya nane. Maumivu yamekwisha, mtu anavaa shati bila msaada, anajiona mzima, anaacha kwenda kwa mtaalamu wa viungo. Kumbe kilichoshonwa bado kichanga. Kwa raga au mieleka, miezi sita si mingi. Na miezi peke yake isiwe kibali: mkono uliopasuliwa ulinganishwe nguvu na mwenzake kwanza.